Kocha Haingii Uwanjani

Kocha ni kiongozi wa namna ya peke yake. Kazi inapofika kilele, yeye ndiye anayekatazwa kuigusa. Kwenye soka amechorewa eneo lake kando ya mstari, na akilivuka kwa hasira mwamuzi anamwonyesha kadi. Kwenye riadha ni vigumu zaidi: bastola ikishalia, mwalimu aliyemlea mkimbiaji kwa miaka kumi hana uwezo zaidi ya mtazamaji wa jukwaani. Foleni ikirefuka benki, meneja anaweza kukaa dirishani akahudumia wateja mwenyewe. Mkuu wa shule anaweza kuingia darasani. Mkuu wa wilaya anaweza kushika jembe, walau mpaka kamera ziondoke. Kocha hana njia hiyo. Lolote analotaka litokee Jumapili saa kumi jioni, sharti awe amekwisha kulitia katika vichwa na miguu ya watu wengine kabla ya siku hiyo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo somo la uongozi, na ndipo vitabu na semina nyingi zinapopita bila kusimama. Wanaouza mafunzo ya uongozi hupenda kuchukua michezoni kitu chepesi kubebeka, yaani hotuba ya mapumziko. Timu imefungwa mabao mawili, kocha anafunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, anapaza sauti, na vijana wanarudi uwanjani wakiwa watu wengine. Wakubwa wa ofisi hulipenda simulizi hili kwa sababu linawathibitishia kwamba sauti yao inatosha.

Bahati nzuri kuna waliokaa na kuhesabu. Msimu wa 1974–75, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa pembeni ya mazoezi ya John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA mjini Los Angeles, wakaandika kila alichosema na kutenda. Wooden alikuwa ukingoni mwa kazi yake. Aliondoka na mataji 10 ya taifa ndani ya misimu 12, kuanzia 1964 hadi 1975, 7 kati yake yakiwa mfululizo. Watafiti wale waliandika vitendo zaidi ya 2,300. Sifa hazikufika asilimia 7. Karipio nalo halikufika asilimia 7. Karibu robo tatu ya yote yalikuwa maelekezo tu, jambo lifanyweje na lisifanyweje, kwa maneno machache ya sekunde chache, kisha mazoezi yanaendelea.

Ajabu inapungua ukijua alikotoka. Wooden alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari huko Indiana kabla hajawa mtu wa magazeti. Kila asubuhi alikaa na wasaidizi wake kuyapanga mazoezi ya siku hiyo dakika kwa dakika, na mpango akauandika kwenye kadi. Msimu ulipoanza, aliwafundisha vijana waliokuwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi yao namna ya kuvaa soksi. Soksi iliyokunjamana huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hachezi. Anayeliona jambo hilo kuwa la kitoto ajiulize ni vikao vingapi vya ofisi yake vimewahi kushuka hadi kwenye soksi.

Mfano mkubwa zaidi, tena ulio karibu nasi, uko Iten, nchini Kenya. Mwaka 1976 bruda wa Kikatoliki kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika katika shule ya bweni ya St Patrick's, juu ya bonde la Kerio, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea ukocha. Aliyemsogeza uwanjani ni mwalimu mwenzake, Peter Foster, ndugu wa mkimbiaji wa Uingereza Brendan Foster. Foster alipoondoka, timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Mtu mwingine katika nafasi ile angeficha upungufu wake nyuma ya ukali. O'Connell aliugeuza kuwa mbinu: kwa kuwa hakujua, alitazama na kuuliza. Alijifunza mbio kutoka kwa vijana waliokuwa wanakimbia mbele yake, akiangalia mkono unavyopita ubavuni, mguu unavyotua, bega linavyopanda mtu akichoka. Miaka mingi baadaye, jina lake likiwa limeenea duniani, mazoezi yake yaliendelea kuwa na mbio nyingi za polepole na kazi nyingi ya umbo la mwili, mambo ambayo kijana mwenye haraka huyaona ya kumchelewesha. Mwaka 1989 alianza kambi za likizo kwa wasichana wa shule, wakati ambapo wengi bado waliamini kwamba msichana akimaliza darasa na mbio zimeisha.

Matokeo yanajulikana. Peter Rono alichukua dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21. Matthew Birir alichukua ya kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo, na mwaka 1997 akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1:41.11. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2010, na aliyeivunja ni David Rudisha, kijana mwingine aliyepita mikononi mwa mwalimu yule yule.

Kwa Rudisha inafaa tukae kidogo. Alitoka Kilgoris, mtoto wa Daniel Rudisha, aliyekuwa katika timu ya Kenya iliyopata fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, Mexico 1968. Alikuwa na kasi ya mita 400 kama baba yake, naye O'Connell akamwelekeza kwenye 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya dunia mjini Berlin, akatolewa nusu fainali. Mbio za mita 800 zina fujo: wakimbiaji hubanana, hupigana viwiko, na mwenye kasi kuliko wote anaweza kufungiwa ndani mpaka nafasi imponyoke. Baada ya Berlin, jawabu la Rudisha likawa moja: kaa mbele. Agosti 2010 alivunja rekodi ya Kipketer, na wiki moja baadaye akaivunja rekodi yake mwenyewe.

Tarehe 9 Agosti 2012, fainali ya Olimpiki ya London. Kwenye mashindano ya kulipwa huajiriwa mtu wa kuvuta kasi mzunguko wa kwanza. Olimpiki haina huduma hiyo. Rudisha aliingia mbele mapema, akabaki huko, akamaliza kwa 1:40.91, rekodi mpya ya dunia. Aliyekuwa wa mwisho, Mwingereza Andrew Osagie, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika fainali tatu za Olimpiki zilizotangulia. Mtu mmoja alikuwa amewavuta wengine saba hadi mahali wasipopajua. Ukiitazama mbio ile tena, mwone mkimbiaji anayebeba mpango mmoja kichwani, mwepesi kiasi cha kutohitaji mtu wa kumkumbusha. Kufikisha mpango kwenye wepesi ule kulichukua miaka.

Lakini tusimpambe O'Connell kupita kiasi. Bonde la Ufa lilikuwa na vipaji kabla ya bruda kufika. Kipchoge Keino alikuwa amekwisha kuishangaza dunia mwaka 1968. Kulikuwa na hewa ya milimani, mashindano ya shule, na majeshi, polisi na magereza yaliyowaajiri wakimbiaji. Kila kitabu cha uongozi kinachomsifu kocha mkubwa huacha nje makocha kumi waliofanya kama yeye bila malighafi ile, na majina yao hatuyajui. Hili si la kumpunguzia O'Connell heshima. Linamkumbusha tu msomaji kwamba anaposoma siri za ushindi, anasimuliwa na walioshinda.

Patrick Sang ni tawi jingine la mti huo huo wa Bonde la Ufa. Yeye alikimbia kweli: fedha ya kuruka viunzi na maji kwenye mashindano ya dunia ya 1991 na 1993, na fedha ya Olimpiki ya Barcelona katikati yake, na alisoma mipango miji katika chuo kikuu cha Texas. Kijana wa jirani kijijini, Eliud Kipchoge, alimwendea kuomba programu ya mazoezi. Sang akampa ya siku chache. Kijana alirudi kuomba nyingine, akarudi tena. Mwaka 2003, kwenye mashindano ya dunia mjini Paris, akiwa na miaka 18, aliwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000.

Kambi yao ya Kaptagat inasemwa sana kwa sababu ya zamu za usafi. Kipchoge, bingwa wa Olimpiki na mwenye fedha zake, alisugua vyoo kama kijana aliyeingia mwezi uliopita. Wageni hulipenda jambo hili kwa unyenyekevu wake. Mimi naliona pia kwa upande wa mamlaka: kambi ambayo ratiba yake inasimamiwa na wakimbiaji wenyewe inaweza kuendelea hata mwalimu akiwa Nairobi. Mwaka 2012 Kipchoge alikosa nafasi ya kwenda London. Angeweza kuhesabiwa amekwisha. Yeye na Sang wakaigeukia barabara, na Aprili 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, kwa saa 2:05:30. Septemba 2015 mjini Berlin, vitambaa vya ndani vya viatu vyake vilichomoka mapema, vikapepea nje ya visigino kilomita baada ya kilomita. Hakukuwa na kocha wa kumuuliza. Hakusimama kuvitengeneza. Alishinda kwa saa 2:04:00.

Kwenye soka mambo ni magumu kidogo kwa sababu kocha ana watu 25 wenye mishahara tofauti, na mawakala wao. Alex Ferguson aliiongoza Manchester United kuanzia Novemba 1986 hadi Mei 2013, akaondoka na mataji 38, yakiwemo 13 ya ligi. Wengi hukumbuka hasira zake. Alipohojiwa na kuandikwa na watafiti wa Harvard, jambo alilolisisitiza lilikuwa la kimya zaidi: uamuzi wa kuacha kuendesha mazoezi kwa mikono yake na kuyakabidhi kwa wasaidizi. Alikuwa bado Aberdeen msaidizi mmoja alipomweleza kwamba inampasa asogee nyuma. Alisita, akakubali, na akagundua kwamba aliyesimama pembeni huona vitu ambavyo mwenye filimbi mdomoni havioni: mchezaji aliyebadilika mwendo, aliyeacha kucheka na wenzake, aliyeanza kuficha maumivu. Brian Kidd, Steve McClaren, Carlos Queiroz na wengine waliendesha uwanja, yeye akatazama.

Kubadilisha wasaidizi kila baada ya miaka kadhaa kulimletea pia akili mpya bila yeye kuondoka. Vivyo hivyo kwa wachezaji. Aliwaachia Jaap Stam, David Beckham na Roy Keane kuondoka wakiwa bado majina makubwa. Kwa Stam alikiri baadaye kwamba alikosea, na mimi humwamini zaidi kwa ungamo hilo kuliko kwa mataji. Usiku wa 26 Mei 1999 pale Barcelona, katika fainali ya Ulaya, United ilikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Bayern Munich hadi dakika za nyongeza. Waliofunga mabao mawili, Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær, wote walitoka benchi. Kumwingiza mtu wa akiba ni uamuzi wa dakika moja. Kumweka benchi mchezaji wa kiwango kile msimu mzima bila kumharibu roho, hiyo ndiyo kazi, na haionekani kwenye televisheni.

Ferguson alipewa muda. Alikaa miaka mitatu na nusu bila kombe lolote mpaka lile la FA mwaka 1990. Wooden alifika UCLA mwaka 1948 akachukua taji la kwanza la taifa 1964. Linganisha na kwetu Tanzania. Machi 2019 Emmanuel Amunike aliipeleka Taifa Stars fainali za Afrika kwa kuifunga Uganda 3–0, na kumaliza kiu ya miaka 39. Julai mwaka huo huo, baada ya kupoteza mechi tatu nchini Misri, hakuwa tena kocha. Novemba 2023 Simba ilifungwa 5–1 na Yanga. Siku mbili baadaye kibarua cha Roberto Oliveira, Robertinho, kilikuwa kimeota nyasi. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Jangwani: Miguel Gamondi, aliyetoka kutwaa ligi na kombe la shirikisho la nchini na kuifikisha Yanga robo fainali ya Afrika, aliondolewa baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United. Juma Mgunda, ambaye mashabiki wa Simba walimbatiza Guardiola Mnene, ameitwa zaidi ya mara moja kuokoa nyumba inayoungua, kisha akapishwa moto ulipozimika.

Ni rahisi kuishia hapo na kuwalaumu viongozi wa klabu. Ila ushahidi una pande mbili. Chelsea ilimpa timu Roberto Di Matteo Machi 2012, na Mei ikawa bingwa wa Ulaya. Ikampa Thomas Tuchel Januari 2021, na Mei ikarudia. Kufukuza kunaweza kulipa, kwa klabu yenye kikosi kilichokwisha kununuliwa na kupikwa na wengine. Muda wenyewe haumfanyi mtu kuwa Ferguson; wapo makocha waliopewa misimu mitano wakaitumia kufundisha somo lile lile la mwaka wa kwanza. Kinachoharibika pale kocha anapojua kwamba ana mechi mbili tu ni aina ya kazi anayoichagua. Hatampa nafasi kijana wa miaka 19. Hatawafundisha mabeki kujiamulia, kwa sababu anayejifunza kuamua hukosea kwanza. Atarudi kwenye kelele za kando ya mstari, maana kelele zinaonekana na waliomwajiri. Ofisi zetu za mikataba mifupi na uhamisho wa ghafla zinalijua hili vizuri, ingawa huko hakuna kombe la kulipima.

Na hapo ndipo mlinganisho wa kocha na kiongozi unapoanza kupwaya. Kocha huchagua kikosi, na asiyemfaa Jumamosi anakaa nje. Mkurugenzi wa halmashauri hurithi watumishi. Kocha ana ubao wa matokeo ambao hauhongeki kirahisi, lakini waziri anaweza kukaa miaka mitano na watu wakabishana bado kama alishinda. Joel Bendera aliyaonja maisha yote mawili: alikuwa miongoni mwa makocha wa Taifa Stars ile ya fainali za 1980 mjini Lagos, baadaye akawa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa, Morogoro na kisha Manyara. Ya Lagos tunayataja hadi leo kwa mabao: 3–1 kutoka kwa Nigeria, 2–1 kutoka kwa Misri, sare ya 1–1 na Ivory Coast. Ya ukuu wa mkoa hayana kipimo cha namna hiyo, kwake wala kwa mwingine yeyote.

Ubao wa matokeo nao hudanganya. Alberto Salazar alikuwa akihesabiwa miongoni mwa makocha bora wa mbio ndefu duniani, wanariadha wake wakichukua dhahabu za Olimpiki. Mwaka 2019 alifungiwa miaka minne kwa makosa ya dawa za kuongeza nguvu, na wanariadha wa kike wakaeleza hadharani jinsi walivyodhalilishwa kuhusu uzito wa miili yao. Miaka yote ile medali zilikuwa zikimjibia. Kambi ya milimani, kijana wa miaka 16, kocha anayeshika chakula, malazi na pasipoti: hayo ni madaraka makubwa kuliko ya wakubwa wengi wa ofisi, na mara nyingi hayana mkaguzi.

Baki moja linanisumbua katika hesabu yote hii. Wooden alipostaafu 1975, mrithi wake, Gene Bartow, alikaa misimu miwili, na UCLA ikangoja hadi 1995 kupata taji jingine. Ferguson mwenyewe ndiye aliyempendekeza David Moyes awe mrithi wake, naye aliondolewa Aprili 2014 kabla hata msimu wa kwanza haujaisha. Miaka kumi iliyofuata haikuleta ubingwa wa ligi hata mmoja. Watu hawa waliweza kuwafundisha wachezaji kuamua bila wao, ila klabu hawakuifundisha. Pengine haikuwa kazi yao, kwani kumchagua kocha ni kazi ya wenye klabu. Lakini kiangazi cha 2013 pale Old Trafford kinaeleza mengi. Ferguson aliondoka. Mtendaji mkuu David Gill, aliyekuwa akimalizana naye usajili, naye akaondoka. Moyes akaja na wasaidizi wake kutoka Everton, na Mike Phelan na René Meulensteen, walioyaendesha mazoezi ambayo mzee alikuwa akiyatazama, wakatoka kwa mlango huo huo. Wachezaji walikuwa karibu wale wale waliochukua ubingwa Mei. Msimu uliofuata walimaliza nafasi ya 7.